Ufundi wa Kuandika Ajali

Kila dereva wa njia ya Mbeya kwenda Tunduma anaujua Mlima Senjele, wilayani Mbozi. Malori ya mizigo ya Zambia na Kongo hupishana hapo na mabasi, Kosta na bodaboda, mchana na usiku. Lori likikosa breki, viongozi hutoa pole, mabaki huvutwa pembeni na foleni ikaanza kutembea. Mjane hubaki na maswali: nani atalipa, mirathi inafunguliwa wapi, ada ya watoto itatoka wapi?

Maswali hayo yana mafundi wake, na baadhi yao ni vijana ambao hata digrii hawajamaliza. Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kamati ya Msaada wa Kisheria mwaka 1967, ili walimu na wanafunzi wawahudumie wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ikaja kuiweka huduma hiyo kwenye utaratibu na kuwatambua wasaidizi wa kisheria. Mwanafunzi wa kujitolea hasimami mbele ya hakimu kumtetea mtu. Kazi yake ni karatasi, na ufundi wake uko humo.

Mtazame aliyeiva akimsikiliza mjane wa utingo. Baada ya shikamoo na pole, kalamu haigusi karatasi. Anamwacha mama aseme kwa mpangilio wake, hata akianza na deni la duka kabla ya kufika kwenye ajali. Akishamaliza, ndipo wanarudi mwanzo, sentensi moja moja.

“Hapo uliposema lori lilihama upande, mama, uliona mwenyewe?”

“Hapana, mwanangu. Niliambiwa na dereva wa Kosta.”

Swali hilo dogo ndilo linalobeba kesi. Hati ya kiapo hushika yale anayoyajua anayeapa. Mengine lazima yataje yalikotoka. Kwa hiyo dereva wa Kosta anaandikwa kama shahidi wa kutafutwa, na mama anaapia yaliyo yake: ndoa, watoto, kipato kilichokuwa kikiletwa nyumbani. Asiyejua kazi angeyachanganya yote katika aya moja ya uchungu, na wakili wa upande wa pili angeipasua kwa maswali mawili.

Kisha majina. Marehemu ana jina moja kwenye leseni, jingine kwenye kitambulisho cha NIDA, na la tatu ndilo ukoo wote unalomwita. Fundi anazipanga nyaraka mezani na kuzisoma herufi kwa herufi kabla cheti cha kifo hakijaombwa, maana kosa likiingia kwenye cheti litafuata hadi kwenye muhtasari wa kikao cha familia, maombi ya usimamizi wa mirathi katika Mahakama ya Mwanzo, na mwisho benki.

Mpakani kuna fundo jingine. Lori lenye namba za Zambia likisababisha madhara, wengi hukata tamaa wakidhani haki imeshavuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Anayejua huuliza kuhusu Kadi ya Njano ya COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini ikabaki kwenye mpango huo wa bima, kwa hiyo aliyegongwa upande huu anaweza kudai fidia akiwa upande huu. Namba ya gari, namba ya kadi, ramani ya ajali ya polisi, fomu ya PF3 ya majeruhi: vitu hivi hukusanywa mapema, kabla gari halijaondoka na mashahidi hawajatawanyika.

Ninachowapendea vijana hawa ni jinsi wanavyoshika mwendo wa aina mbili kwa pamoja. Kwa mtu wanakwenda taratibu, wanarudia swali, wanasubiri machozi yakauke. Kwa kalenda wanakimbia, kwa sababu majeruhi ana miaka 3 tu ya kufungua madai ya madhara, na msiba hula miezi bila mtu kujua. Kabla mama hajaweka dole gumba, kijana anamsomea hati yote kwa sauti na kumwuliza kama hayo ndiyo maneno yake. Mama akisema hapana, karatasi inachanwa na wanaanza upya.