Sukari ilitolewa, spora zikabaki

Kila mjadala wa kupunguza sukari kwenye vyakula vya viwandani unapopamba moto, kesi ya mtindi wa hazelnati ya Uingereza, Juni 1989, hurudi mezani. Na kila inaporudi, wachambuzi huimaliza kwa sentensi moja: makopo ya rojo la hazelnati lililotiwa kwenye mtindi huo hayakupata moto wa kutosha. Mimi sikubali iishie hapo. Moto kweli ulikuwa hafifu, na uchunguzi ulilisema hilo waziwazi. Lakini kosa lenyewe lilianza kabla jiko halijawashwa, pale ilipoamuliwa kwamba rojo la hazelnati litiwe aspartamu badala ya sukari. Uamuzi ule ulikuwa mbovu, na unastahili kuangaliwa peke yake.

Mlioifuatilia kesi hii mnazikumbuka takwimu. Wagonjwa 27, mmoja akafariki, na hadi hapo Uingereza haikuwa na kumbukumbu ya mlipuko mkubwa zaidi wa botulizimu itokanayo na chakula. Wagonjwa 25 walikuwa wamekula mtindi wa hazelnati wa chapa moja katika wiki iliyotangulia dalili. Sumu ya aina B ya bakteria Clostridium botulinum ilikutwa kwenye kopo la rojo lililovimba, na pia ndani ya vikopo vya mtindi, vilivyofunguliwa na ambavyo havijafunguliwa. Wachunguzi walifanya kazi safi: uzalishaji ulisimamishwa, bidhaa zikaondolewa madukani, na umma ukaambiwa usile mtindi wowote wa hazelnati.

Sasa turudi kwenye sukari. Aliyebadili mapishi yale aliihesabu kama kiungo cha utamu, akatafuta kingine chenye utamu uleule. Kwa ulimi, hesabu hiyo ni sahihi. Kwa bakteria haina maana yoyote. Kinachoyashika maji yasitumiwe na bakteria ni wingi wa molekuli zilizoyeyuka ndani yake, na utamu hauhusiki. Chukua maji na sukari tupu. Ukitaka maji huru, yaani kipimo cha maji ambayo bakteria wanaweza kuyatumia, yashuke hadi 0.94, mahali ambapo kundi la botulinum lenye spora (mbegu zake zilizolala) sugu kwa moto hukwama, unahitaji sukari karibu nusu ya uzito wa mchanganyiko mzima. Aspartamu ina utamu wa takribani mara 200 ya sukari. Maana yake gramu 500 za sukari zinatoka, na mahali pake zinaingia gramu 2.5. Utamu umebaki palepale, lakini maji huru yamepanda hadi karibu na 1, kama maji ya bombani. Kufuli limeng'olewa mlangoni na pakapachikwa picha ya kufuli.

Kuna jambo jingine linalonikera zaidi, na ni nadra kulisikia likitajwa. Kama rojo lile lingekuwa la stroberi, pengine tusingekuwa na kesi ya kujadili. Stroberi ina tindikali yake, pH iko chini ya 4.6, na hapo spora za botulinum haziamki hata maji yakiwa mengi. Ndiyo maana matunda hupita kwa moto mdogo na watu wakala salama. Hazelnati haimo katika jamii hiyo. Ni mbegu yenye mafuta na tindikali kidogo, na inatoka shambani na vumbi la udongo, makao ya asili ya spora hizi. Kwa chakula cha namna hiyo kizuizi cha pH hakipo tangu mwanzo. Ukiondoa na sukari, umebaki na moto peke yake, ndani ya kopo lisilo na hewa, hali ambayo Clostridium inaipenda kuliko zote.

Na moto huo ulipaswa kuwa wa kiasi gani? Hesabu hii inafanyika kwa penseli. Kwa nyuzi 121, thamani D ya spora hizi ni dakika 0.21, yaani muda huo unapunguza spora mara kumi. Thamani z ni nyuzi 10: ukishusha joto nyuzi 10, muda unazidishwa kwa kumi. Shuka hadi nyuzi 91 na D inakuwa dakika 210. Saa tatu na nusu kwa punguzo moja tu! Mapunguzo 12 yanayodaiwa kwenye kopo la chakula kisicho na tindikali yangechukua saa 42 kwa joto hilo. Hata maji yanayochemka kabisa, nyuzi 100, yanataka karibu nusu saa kwa kila punguzo. Bila mtambo wa mvuke wenye shinikizo, rojo la hazelnati lisilo na sukari halina njia ya kuwa salama kwenye kopo linalokaa kwenye joto la kawaida.

Kisha rojo hilo likaingia kwenye mtindi. Hapa nitarudia ninalolisema kila mwaka: kupima bidhaa ya mwisho peke yake hakutoshi. Pima pH ya mtindi ule na utapata jibu zuri, kwa sababu ndani ya mtindi botulinum haikui. Lakini sumu ilikwisha kutengenezwa ndani ya kopo, na tindikali ya mtindi haiiharibu. Moto wa jikoni ungeiharibu, ila nani anachemsha mtindi? Unatolewa kwenye friji na kuliwa ulivyo.

Wapo wanaowatetea wahusika kwa kusema kwamba mwaka 1989 modeli za kutabiri ukuaji wa bakteria zilikuwa bado changa. Ni kweli kwamba Baranyi na Roberts walichapisha modeli yao mwaka 1994, na hifadhidata ya ComBase ikafunguliwa mwaka 2003. Lakini utetezi huo haunishawishi, kwa sababu kesi hii haikuhitaji modeli ya kasi ya ukuaji. Kopo linakaa ghalani wiki na miezi, kwa hiyo kujua kama spora itaamka baada ya siku tatu au tisa hakuokoi mtu. Swali ni la ndiyo au hapana: je, humu ndani inaweza kukua? Majibu yalikuwepo zamani. W. J. Scott, kule Australia, alichapisha mwaka 1953 vipimo vya jinsi maji huru yanavyoamua kama Staphylococcus aureus itakua au haitakua, na tangu hapo hakuna mtaalamu wa chakula mwenye haki ya kuiona sukari kama utamu mtupu.

Kabla yake walikuwepo watafiti Esty na Meyer. Zeituni nyeusi za California, ambazo magadi hutumika kuondoa uchungu wake na hivyo kupunguza tindikali, ziliua watu kule Ohio na Michigan mwaka 1919. Katika kulitafutia jibu tatizo hilo, wawili hawa hawakutafuta njia ya mkato. Walipasha moto mabilioni ya spora, wakapima lini ya mwisho inakufa, na mwaka 1922 wakatoa takwimu ambazo, baada ya kusahihishwa kidogo, ndizo tunazotumia mpaka leo kwenye kanuni ya dakika tatu kwa nyuzi 121. Hakukuwa na kompyuta, na kazi yao imesimama kwa zaidi ya miaka 100. Leo nawaona wahandisi wanaofungua programu, wakajaza joto, pH na maji huru kwa namba walizokadiria, wakachapisha mchoro na kuuweka kwenye faili kama ushahidi. Sehemu kubwa ya data za programu hizo imetoka kwenye mchuzi wa kuoteshea bakteria maabarani, na kila modeli ina mipaka ya vipimo iliyotengenezewa. Ukitoka nje ya mipaka hiyo, mchoro bado utachorwa, ila hauna mtu wa kuutetea. Esty na Meyer wasingeuwekea sahihi zao.

Kwa hiyo hukumu yangu kwa ule uamuzi wa aspartamu haibadiliki: ulifanywa kama suala la ladha wakati ulikuwa suala la uhai. Na kwa kuwa shinikizo la kupunguza sukari na chumvi linazidi kila mwaka, ombi langu kwa wakaguzi ni moja. Mtengenezaji akileta mapishi yaliyopunguzwa sukari au chumvi, msiguse lebo yake mpya kabla hajawaonyesha maji huru yaliyopimwa upya, kwenye chakula chenyewe, na hesabu mpya ya moto iliyotokana na kipimo hicho. Akikosa kimoja kati ya hivyo viwili, rudisheni faili.