Programu Ndogo ya Mgawo

Ufundi wa kuandika programu za kompyuta, yaani kuipangia mashine maagizo hatua kwa hatua kwa lugha inayoweza kuifuata, humkaa mtu vyema zaidi anapotengeneza kitu chake mwenyewe, kidogo, kinachohitajiwa na watu anaowafahamu. Vitabu na kozi vina nafasi yake, ila mazoezi yake yamekwisha kuchongwa ili yajibike, ilhali kazi halisi humjia mtu ikiwa mbichi. Kijana wa Shinyanga, Kahama au Geita anayeanza ufundi huu kwa kompyuta mpakato ya mtumba na bando la intaneti la siku moja amezungukwa na kazi za namna hiyo, na jambo hili halijasemwa vya kutosha.

Mfano ulio karibu ni mgawo wa dhahabu. Katika machimbo ya wachimbaji wadogo, mwenye leseni ya eneo, mwenye duara (yaani mmiliki wa shimo, anayegharimia magogo ya kuegemeza kuta, chakula na pampu ya maji) na wachimbaji wanaoshuka humo hugawana kinachopatikana, ama kwa mifuko ya mawe kabla hayajapelekwa kwenye karasha, ambayo ni mashine ya kusaga mawe, ama kwa dhahabu yenyewe baada ya kuchenjuliwa. Viwango hutofautiana eneo kwa eneo, na hesabu ikiwa katika daftari moja tu, daftari hilo likilowa ugomvi huwa haukosi pa kuanzia.

Programu ya kuhesabu mgawo huo huonekana nyepesi mpaka mtu aiandike. Kompyuta huhifadhi namba kwa mfumo wa jozi, yaani kwa tarakimu 0 na 1 pekee, na katika mfumo huo sehemu moja ya kumi haina mwisho, kama theluthi isivyo na mwisho katika desimali. Ndiyo maana lugha nyingi za programu, zikiulizwa jumla ya 0.1 na 0.2, hujibu 0.30000000000000004. Anayeanza hushtuka, hudhani amekosea, hurudia mstari kwa mstari, kisha hugundua kwamba uzito unafaa kuhifadhiwa kwa miligramu, kwa namba nzima zisizo na desimali. Hata hivyo swali moja hubaki. Gramu 100 ni miligramu 100,000, na zikigawiwa watatu sawasawa kila mmoja hupata 33,333, ikabaki 1. Thamani yake ni ndogo sana, lakini mashine haitamaliza kazi kabla haijaambiwa iende kwa nani, na uamuzi huo si wa mwandishi wa programu: inampasa aende machimboni akawaulize wenyewe. Akisharudi, huandika jaribio, yaani programu nyingine fupi inayohakikisha kwamba mafungu yote yakijumlishwa hurudisha uzito ule ule ulioingia. Uzuri wa ufundi huu umo hapa, katika uaminifu ambao hakuna atakayeusifu kwa sababu hakuna atakayeuona.

Sheria nazo hufundisha. Mwaka 2017, nchini Tanzania, mrabaha wa dhahabu, yaani malipo ya serikali juu ya thamani ya madini, ulipandishwa kutoka asilimia 4 hadi 6, ikaongezwa ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Mwaka 2019 wachimbaji wadogo waliondolewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na masoko ya madini yakaanza kufunguliwa, la Geita likiwa miongoni mwa ya kwanza. Mwandishi aliyeichomeka asilimia 6 katikati ya msimbo, yaani matini ya maagizo yake, atalazimika kuusaka kila mstari kiwango kinapobadilika; aliyekiweka kila kiwango mahali pake pamoja na tarehe ya kuanza kwake hubadilisha sehemu moja tu, na mauzo ya zamani huendelea kuhesabiwa kwa sheria ya wakati wake.

Udogo wa kazi haumpunguzii mtu hadhi. Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi mjini Helsinki mwaka 1991 alipoanza Linux, mfumo endeshi alioutengeneza kwa ajili ya kompyuta yake mwenyewe, na leo kiini cha mfumo huo kimo ndani ya kila simu ya Android inayoshuka duarani mfukoni mwa mchimbaji. Si lazima programu ya mgawo ifike huko. Inatosha wachimbaji wa duara moja waiamini, na imani hiyo ni ngumu kuipata kuliko cheti.

Kwa hiyo waajiri na walimu wa vyuo, wanapompima kijana anayeanza, wamwombe awafungulie msimbo wa kazi yake moja, kisha wamuulize ile miligramu iliyobaki aliipeleka kwa nani, na ni nani aliyemwambia.