Mwili Kwanza, Maandishi Baadaye

Mpe mtu anayeijua kazi hii mwanasesere aliyevuliwa nguo, asiye na sanduku wala risiti, uone anavyoanza. Hamtazami usoni. Anamshika kiunoni, anausogeza mguu mmoja mbele taratibu, na macho yake yako kichwani kuona kama kitageuka. Halafu anajaribu goti. Halafu anamsogeza dirishani azitazame kope kwenye mwanga. Maandishi ya mgongoni huyasoma mwisho, tena kwa shaka. Akimaliza atakutajia kampuni na miaka, na ukienda kuhakikisha vitabuni utamkuta hakukosea sana.

Ninawazungumzia wakusanyaji wa wanasesere wa Kimarekani wa miaka ya 1940 hadi mwanzoni mwa ile ya 1960, kipindi ambacho viwanda vya Marekani viliacha unga wa mbao uliokorogwa na gundi vikahamia kwenye plastiki ngumu, kisha vinaili. Mabadiliko yalikuja haraka, karibu kila mwaka, na kila badiliko liliacha alama mwilini mwa mwanasesere. Ujuzi wao wote umejengwa juu ya alama hizo.

Somo la kwanza kwa wengi ni Ginny, mwenye urefu wa inchi 8, yaani kama sentimita 20. Alitengenezwa na kampuni ya Vogue ya Jennie Graves, mama wa Massachusetts aliyeanza kwa kuwashonea wanasesere nguo nyumbani, na biashara ilipokua akawagawia ushonaji wanawake wengine wafanyie majumbani mwao. Ginny wa plastiki ngumu alitoka 1948 akiwa na macho ya kuchorwa. Mwaka 1950 akapewa macho yanayofumba akilazwa, ila kope zilibaki za kuchorwa kwa brashi, na mikono na miguu ilishikwa na mpira uliopitishwa ndani ya kiwiliwili. Mwaka 1954 akaanza kutembea: ukimwongoza, miguu inapishana na kichwa kinageuka huku na huku. Mwaka uliofuata kope zikawa za plastiki. Mwaka 1957 magoti yakaanza kukunjika. Basi macho, kope, mwendo na goti tu vinatosha kumweka Ginny katika kipindi chake, kama mnunuzi mnadani anavyomfunua ng'ombe mdomo kutazama meno kabla ya kuuliza bei.

Hesabu hiyo hiyo inafanya kazi kwa Wendy wa Madame Alexander, naye wa inchi 8. Beatrice Alexander alizaliwa 1895 na kulelewa New York, ambako baba aliyemlea alikuwa na hospitali ya wanasesere, yaani karakana ya kuwatengeneza waliovunjika. Mwaka 1923 akaanzisha kampuni yake. Wendy wake alitoka 1953, miguu imenyooka na haitembei. Mwaka 1954 na 1955 miguu imenyooka lakini inatembea. Kuanzia 1956 goti linakunjika na bado anatembea. Kuanzia 1965 goti linakunjika lakini kutembea kumekwisha. Kuanzia 1973 miguu ikarudi kunyooka. Na mgongoni? Karibu miaka hiyo yote kuna neno moja tu, ALEX. Anayetegemea maandishi amepewa miongo miwili achague mwenyewe. Anayetegemea goti amepewa jibu.

Ugumu wa kweli unaanza kwa walioiga. Ginny alipouza vizuri, kampuni nyingine zilitoa wanasesere wa kimo kile kile ili waweze kuvaa nguo zile zile. Muffie alitoka kwa Nancy Ann wa San Francisco na Ginger kwa Cosmopolitan, na wengine hawakupigwa alama hata moja. Hapo ndipo utakapomwona mkusanyaji mzoefu akiwapanga watatu wanne mezani, awageuze kifudifudi, awapitie mmoja mmoja kidole kwa kidole: vidole vya mikono vimeshikana au vimeachana, mshono wa kalibu umepita wapi sikioni, nyonga imekatwa vipi. Hana haraka. Nimewahi kumtazama mtu wa namna hiyo akikaa na mwanasesere mmoja hadi chai ikapoa, akamrudisha kabatini bila kumpa jina. Alisema atangoja ampate mwingine wa kumlinganisha naye. Ustahimilivu huo naupenda kuliko majibu yenyewe.

Kampuni ya Ideal inafundisha jambo jingine. Mwaka 1949 ilimtoa Toni, aliyeuzwa pamoja na vifaa vya kumsuka na kumkunja nywele zake za nailoni kwa maji ya sukari, kwa makubaliano na watengenezaji wa dawa ya nywele ya jina hilo. Mgongoni ana P-90 kama ni wa inchi 14, P-91 kama ni wa inchi 16, na kuendelea. Wanaoanza hudhani P-91 maana yake ni Toni. Kumbe kalibu zile zile zilimzaa Mary Hartline, nyota wa kipindi cha sarakasi cha televisheni, na Miss Curity, muuguzi wa kutangaza bendeji. Mwili ni mmoja na majina ni matatu. Wanatofautishwa kwa rangi iliyopakwa kuzunguka macho, kwa nywele, na zaidi ya yote kwa nguo. Toni akivalishwa gauni jekundu la Hartline lililoshonwa juzi, bei yake inapanda kwa udanganyifu. Kwa hiyo nguo nazo husomwa: lebo, aina ya vifungo, ukingo uliokatwa na mkasi au uliopindwa. Gauni linalodaiwa ni la 1950 likiwa linafungwa kwa utepe wa kunata, huyo mshonaji ni wa baadaye.

Barbie anajulikana na wote, na kwa sababu ya bei zake ndiye anayepigiwa kelele zaidi. Kwangu mimi elimu ya wale wa inchi 8 ni ya kina zaidi, ingawa Barbie anatoa onyo zuri kuhusu tarehe. Mattel ilimwonyesha New York mwezi Machi 1959, akiwa ameigwa kutoka kwa Bild Lilli wa Ujerumani, lakini mwilini kapigwa mwaka 1958 kwa tarakimu za Kirumi. Huo ni mwaka wa haki miliki. Vivyo hivyo, maelfu ya watu wanashikilia kwamba Barbie wao ni wa 1966 kwa kuwa ndivyo alivyoandikwa, wakati alitengenezwa Malaysia au China miaka ya 1980 au 1990. Barbie wa kwanza kabisa hujulikana kwa nyayo: zina matundu yenye bomba dogo la shaba, ya kuingizia vijiti vya kumsimamisha. Wa pili hana matundu. Wa tatu akapewa mboni za rangi na nyusi za mviringo. Hao na wa nne wana kiwiliwili kizito kisicho na uwazi. Wa tano ni mwepesi, na mkono uliozoea huhisi tofauti hiyo papo hapo.

Pua nayo ina kazi. Baadhi ya plastiki ngumu za zamani zikianza kuoza hutoa harufu ya siki, na mwanasesere wa namna hiyo hutengwa na wenzake kwenye sehemu yenye hewa. Wale wa unga wa mbao hawaguswi kwa maji, maana rangi yao hupasuka vijistari na maji huingia humo. Barbie wa zamani masikio huwa ya kijani kwa sababu ya hereni zenye shaba. Wapo wanaoliondoa doa hilo kwa krimu ya chunusi, wiki baada ya wiki, wakichungulia wasije wakachubua ngozi ikawa nyeupe.

Wapo pia wasiopatikana kirahisi. Jackie Ormes, mwanamke Mmarekani Mweusi aliyechora katuni kwenye gazeti la Pittsburgh Courier, alimtoa mhusika wake Patty-Jo kuwa mwanasesere mwaka 1947. Mwili ulikuwa wa Terri Lee, wa kampuni ya Violet Gradwohl huko Lincoln, Nebraska. Mwaka 1951 Ideal ikamtoa Saralee, wazo la Sara Lee Creech wa Florida, aliyetaka mtoto Mweusi apate mwanasesere mwenye sura ya kwake, si sura ya Mzungu iliyopakwa kahawia. Mchongaji Sheila Burlingame alifanya kazi kwa picha za watoto halisi, na Zora Neale Hurston na Eleanor Roosevelt waliiunga mkono kazi hiyo. Miaka mitatu baadaye, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipopiga marufuku ubaguzi shuleni, miongoni mwa ushahidi uliokuwa umetajwa ni majaribio ya Kenneth na Mamie Clark, waliowauliza watoto wamchague mwanasesere mzuri kati ya mweupe na wa kahawia. Mkusanyaji anayewapa Patty-Jo na Saralee nafasi ya mwisho kwenye kabati hajauelewa mkusanyiko wake.

Wasomaji walioko Marekani hukutana na wanasesere hawa kwenye minada ya nyumba za marehemu na masoko ya mwisho wa wiki, mara nyingi ndani ya sanduku la viatu. Ukimpata mmoja, usimwoshe, usimchane nywele, na usizitupe nguo zake hata kama zimechakaa. Muulize muuzaji mwanasesere alikuwa wa nani na alinunuliwa wapi. Jibu liandike kwa penseli kwenye karatasi, na karatasi hiyo ikae naye sandukuni.