Paneli Zinazoinuka Juu ya Paa la Gari

Quartzsite, mji mdogo wa jangwani magharibi mwa Arizona, hujaa magari ya kuishi kila msimu wa baridi. Wastaafu kutoka Canada na majimbo ya kaskazini hukimbilia huko theluji inapoanza, na kwenye ardhi ya serikali ya La Posa mtu huruhusiwa kukaa kwa kibali kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili. Umeme wa kuchomeka hakuna. Ndiyo maana mapaa mengi yana paneli za sola zilizoinuliwa upande mmoja, zikitazama kusini.

Huko, mwishoni mwa Desemba, jua la adhuhuri hufika nyuzi 33 tu juu ya upeo. Paneli iliyolazwa bapa hupata asilimia 54 hivi ya mwanga wa moja kwa moja ambao ingeupata kama ingelielekea jua. Kuielekeza sawasawa kunataka nyuzi 57, lakini anayeishia 45 hupoteza kama asilimia 2 tu adhuhuri. Sioni kwa nini watu hujisumbua na miguu yenye matundu kumi ya kurekebishia.

Ufundi uko kwenye bawaba. Kila paneli hulala kwa urefu wa gari, ikishikwa pande zake mbili ndefu na vipande vya engo ya alumini vyenye pini. Ukichomoa pini za kushoto, paneli huinuka kwa kuegemea upande wa kulia. Ukichomoa za kulia, kinyume chake. Kwa hiyo gari likiegeshwa pua mashariki au magharibi, daima kuna upande wa kuinua. Likiegeshwa pua kaskazini, kazi yote ni bure. Bawaba za upande mmoja ni nafuu, ila humfunga dereva kuegesha namna moja tu.

Halafu kuna kivuli. Paneli yenye upana wa sentimita 68 ikiinuliwa nyuzi 45 hupanda sentimita 48, na adhuhuri ya Desemba kivuli chake hulala nyuma yake karibu sentimita 75. Kivuli kikigusa seli chache tu, umeme wa paneli nzima hushuka. Safu ya pili, pamoja na kiyoyozi, lazima vipimwe kwa hesabu hiyo.

Paa lenyewe ndilo dhaifu. Mengi ni mpira wa EPDM juu ya plaiwudi nyembamba, na skrubu isiyofika kwenye boriti haina pa kushika. Upepo wa kilomita 72 kwa saa hukandamiza kila mita ya mraba ya paneli kwa uzito wa kilo 25 hivi. Ukija kwa nyuma, paneli huwa tanga na miguu huvutwa juu. Chini ya kila mguu huwekwa utepe wa butili, na vichwa vya skrubu hufunikwa kwa gundi ya mapaa ya mpira. Gundi yenye mafuta ya petroli hukaa vizuri siku ya kwanza, kisha mpira huvimba na maji hupata njia.

Anayefunga sola kwenye gari la safari Arusha asiige haya. Kule jua la adhuhuri halishuki chini ya nyuzi 63 mwaka mzima, na Juni hupita kaskazini, Desemba kusini. Paneli bapa, iliyoachiwa nafasi ya hewa chini yake, hupoteza kama sehemu moja ya kumi adhuhuri ya Juni. Vumbi la barabarani laweza kula zaidi ya hapo.