Madini na Metali: Hoja Kutoka Mchanga wa Kwale

Fasili inayoeleza metali kuwa ni aina ya madini haitoshelezi. Mchanga uliochimbwa Kwale kati ya 2013 na 2024 ulitoa rutaili. Hiyo ni madini, tena ina titani ndani yake. Walakini fuwele zake hazipitishi umeme kama metali. Kinyume chake ni TTF-TCNQ, fuwele iliyoripotiwa mwaka 1973: ni kaboni, haidrojeni, naitrojeni na salfa tu. Molekuli zake bapa hupangana kama sahani, kila aina safu yake, na katika joto la kawaida elektroni hupita kwa wepesi kufuata safu hizo. Mwaka 1980 Jérome, Bechgaard na wenzao walionyesha kuwa chumvi ya kikaboni, ikibanwa kwa mkazo mkubwa na kupozwa chini ya kelvini 1, hupoteza ukinzani wote.

Basi umetali ni tabia, si asili. Mwanafunzi wa Msambweni akishika fasili ile ataiita rutaili metali na kuikana TTF-TCNQ. Lawama haitakuwa yake, bali ya kamusi.