Amri mbaya pale Sanje

Nitasema mapema ili tusizungushane: ile hesabu ya "moja, mbili, tatu, rukeni!" kwenye bwawa la maporomoko ya Sanje ilikuwa amri mbaya, na aliyeitoa, kiongozi wa kikundi, alikuwa na muda wa kutosha kufikiri. Video ya vijana wale wakiruka majini mmeiona. Imezunguka kwenye makundi ya WhatsApp kuanzia Ifakara, Mbingu na Chita mpaka hapa Mngeta, na wengi mnaisifia kwa ujasiri. Mimi naitazama kiufundi, na kiufundi haina cha kusifiwa.

Mazuri yalikuwepo: walipanda na mwongozaji, walianza asubuhi, na nguo kavu walibeba. Tuendelee.

Turudi pale juu ya mwamba, kabla hawajaruka. Vijana wametoka kupanda mlima, jasho linawatiririka, moyo tayari unakwenda mbio. Mbele yao kuna maji yanayoshuka kutoka misitu ya Udzungwa, milima ambayo kilele chake cha Luhombero kinafika mita 2,576. Maji hayo yamepita kivulini, chini ya miti mikubwa, kisha yakadondoka kwenye maporomoko ya takriban mita 170. Jua la bondeni kwetu hayajalionja. Yeyote aliyewahi kuoga mto Mngeta kule karibu na mlima, kabla haujafika kwenye mashamba ya mpunga, anaijua baridi hiyo. Kiongozi wa kikundi anaijua pia, maana ni mtoto wa hapa hapa. Bado akahesabu.

Rudisheni video mpaka pale kijana wa fulana ya njano anapoibuka. Achaneni na shangwe, tazameni mdomo wake. Umeachama wote, na anavuta pumzi moja kubwa ambayo hakuiamua yeye. Baada ya hapo zinafuata pumzi fupi fupi, za haraka, kifua kinapanda na kushuka kama cha mtu aliyekimbizwa na tembo. Huo ndio mshtuko wa baridi. Huanza papo hapo ngozi inapopoa ghafla, huwa mkali zaidi katika nusu dakika ya kwanza, na hutulia ndani ya dakika chache. Kichwa kikiwa chini ya maji wakati ile pumzi ya kwanza inakuja, mtu huvuta maji. Waliotangulia kwa kichwa siku ile walikuwa wanacheza kamari na mapafu yao.

Na moyo je? Mwaka 2012 watafiti Mike Tipton na Michael Shattock wa Uingereza walieleza jambo ambalo kila kiongozi wa safari angepaswa kulijua. Ngozi ikipigwa na baridi, moyo huamriwa kwenda mbio. Uso ukizama majini huku pumzi imezuiwa, moyo huamriwa kupunguza mwendo. Anayeruka kwa kichwa anaupa moyo wake amri mbili zinazopingana kwa wakati mmoja, na mapigo yanaweza kuvurugika hata kwa kijana mwenye afya.

Kisha likaja kosa la pili, dogo kuliko la kwanza lakini limetokana nalo. "Ogelea! Ogelea!" kiongozi anapiga kelele. Kijana anatii, mikono inapiga maji ovyo, hasogei. Mtu asiyeweza kupumua hawezi kuogelea, hata awe fundi. Pale alitakiwa alale chali, masikio ndani ya maji, mikono na miguu ikitikisika taratibu, mpaka pumzi irudi. Waokoaji wa baharini wa Uingereza, RNLI, huwafundisha watu hivyo hivyo: elea kwanza, mengine baadaye. Mwenzake alimnyooshea kanga, akaishika, akavutwa. Kanga ile ndiyo iliyookoa siku.

Nimeshaandika kuhusu pombe kwenye maji na nitaendelea kuandika mpaka nieleweke. Ile chupa ndogo inayopita mkono kwa mkono kabla ya kuruka, eti ya kupasha mwili joto, inafanya kinyume. Pombe hufungua mishipa ya damu ya ngozi, joto la ndani linaletwa nje na kupotea, na mnywaji anajisikia vizuri huku anapoa. Kumbukeni pia kwamba maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa. Na siku ile jaketi la kujiokolea halikuwepo hata moja. Simu za kurekodi zilikuwepo nyingi, kamba hakuna.

Mashujaa wa kweli wa maji baridi hawakufanya hivi. Tarehe 7 Agosti 1987, Mmarekani Lynne Cox alivuka Mlango wa Bering, kutoka kisiwa cha Marekani hadi cha Kisovieti, kwa zaidi kidogo ya saa mbili, akiwa na vazi la kuogelea la kawaida. Alikuwa ameuzoesha mwili baridi kwa miaka. Mwaka 2010 mwogeleaji Lewis Pugh aliogelea kilomita moja kwenye ziwa Pumori, chini ya Everest, maji yakiwa nyuzi 2. Katika jaribio la kwanza alikwenda kwa kasi akakaribia kuzama. Akatoka, akabadili mpango, akarudi na mtindo wa chura, polepole, akamaliza kwa dakika 22 na sekunde 51. Huyo ni bingwa, na bado alikubali kupunguza mwendo.

Na kabla ya hao wote, wazee waliotufundisha kuoga mtoni hapa Mngeta walitutaka tukae jiweni mpaka jasho likauke, tunawe uso, tujimwagie maji kifuani na shingoni, kisha tuingie kwa miguu. Hawakusoma utafiti wa mtu, lakini ndivyo inavyotakiwa.

Hata ukitoka majini kazi haijaisha, kwa sababu mwili huendelea kupoa kwa muda. Vua nguo mbichi mara moja, vaa kavu, kunywa chai ya sukari, na usianze kuteremka mlima huku unatetemeka.

Kwa hiyo kiongozi anayepanga safari ijayo ya Sanje, nakuomba: pumzisheni watu kabla ya maji, ingieni mmoja mmoja kwa miguu, shingo iwe juu mpaka pumzi itulie, awepo mtu ukingoni na kamba mkononi, na pombe ibaki nyumbani. Asiyekubali masharti hayo abaki mwambani awapige wenzake picha.