Resori Zilizokatwa

Ninyi mliokuwa mmesimama ukingoni mwa barabara Jumamosi ile, mkiitazama Peugeot 504 ya mzee wetu ikiteremka kutoka upande wa Mutsora, hapa kwetu chini ya milima ya Ruwenzori, rangi yake ikimeta kana kwamba imetoka kiwandani jana, bila shaka mliusikia, kabla hata ya kuiona vema, ule mgoto mkavu wa chuma juu ya chuma uliotokea pale ambapo maji ya mvua yameikata njia. Nanyi mliopiga makofi mkisema kuwa ndiyo sauti ya gari la mashindano, niwieni radhi, kwani ile ilikuwa sauti ya gari lililokatwa miguu na mwenyewe.

Sina ugomvi na nia yake. Mtu aliyeyapenda magari ujanani, akayaacha kwa sababu ya watoto, karo na vita, kisha akayarudia uzeeni kwa kununua sedani ya kale na kuihuisha kwa mikono yake, huyo kwangu ni mtu wa kuamkiwa kwa heshima. Tena kazi yake aghalabu ni safi: injini ya sentimita za ujazo 1971 imefufuliwa barabara, kabureta mbili zimepangwa zikasikilizana, breki zinashika, na bati limelehemiwa kwa umeme huu wetu wa maji uliowashwa mwaka 2013 hata mshono hauonekani. Basi hayo yamekwisha.

Sasa tuje kwenye msumeno. Ilipobaki kazi ya siku mbili tu, gari likiwa juu ya magogo na kila kitu kikiwa mahali pake, mzee alitazama ubavu wake, akaona tako limeinuka kuliko alivyotaka, akaamuru resori za nyuma, yaani zile springi za mviringo, zikatwe mzunguko mmoja na nusu kila upande. Nilikuwapo. Nilisema, nikaambiwa kuwa mimi ni mtu wa zamani, jambo ambalo ni kweli, ila halikuwa jibu.

Walioshika spana wanajua kwamba ugumu wa springi huenda kinyume na idadi ya mizunguko yake inayofanya kazi. Ikiwa ilikuwa na mizunguko sita, nawe ukaondoa mmoja na nusu, imebaki minne na nusu, na ugumu wake umezidi kwa theluthi moja. Yaani umelipunguzia gurudumu nafasi ya kupanda na kushuka, na papo hapo umeifanya ile nafasi iliyosalia kuwa ngumu zaidi. Amotisere, yaani shokomzoba, ambayo ilipimwa kwa urefu wa awali, sasa huanza safari yake ikiwa imekwisha kujikunja nusu, na shimo la kwanza huimaliza. Ncha iliyokatwa nayo haikai tena katika kikalio chake, madhali kiwanda huisawazisha ncha hiyo makusudi, ilhali ya msumeno hubaki imesimama kama jino la mamba, ikila bati kila gari linapotikisika. Na kumbukeni kwamba 504 haina shasi ya pekee kama lori. Bodi yake ndiyo mifupa yake, hivyo pigo lisilopokewa na resori hupokewa na mlango, na nguzo, na kioo.

Ubaya wa pili ni wa sedani hasa. Gari la mizigo la ukoo huo lina ekseli nzima nyuma, na ukilishusha magurudumu hubaki wima. Sedani ina mikono miwili ya nyuma inayojitegemea, kila gurudumu na mkono wake, na mikono hiyo, gari likishuka, huyainamisha magurudumu kwa ndani kama mtu mwenye magoti yaliyogongana. Nendeni mkaguse tairi za nyuma za gari lile: ukingo wa ndani umekwisha kulika, na gari halijatimiza hata mwezi mmoja barabarani!

Naujua mtindo huu ulikotoka. Vijana wa California waliozishusha Ford za mwaka 1932 walikuwa wakienda kukimbia juu ya maziwa makavu kama Muroc, mahali palipo tambarare kama meza, ambapo gari likiwa chini hukata upepo vizuri, wala hakuna jiwe la kulikwaruza tumbo. Wao walikuwa na hoja. Sisi tuna mawe yanayoletwa na mito ya Ruwenzori kila masika, na kakao iliyoanikwa pembeni inayomlazimu dereva kuingia shimoni ili asiikanyage mali ya watu. Hata lami ikishatandazwa katika zile kilomita 80 za kutoka Kasindi hadi Beni, kazi ambayo marais wawili waliizindua mwaka 2021, kipande cha kuingia kwetu kitabaki kipande cha kuingia kwetu.

 

Wazee waliotangulia walifanyaje? Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, fundi kabla ya kuwa dereva, aliyeingia mashindano ya magari ya Safari mara 22 akamaliza 19, alishinda mwaka 1965 pamoja na nduguye Jaswant kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya, bali gari la kiwanda lililokwisha kutumika; naye hakuliteremsha, alilikaza na kulikagua bolti kwa bolti. Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda mwaka 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404, na siri ya gari lile ilikuwa resori ndefu zilizolala na kuamka bila kulalamika. Mwaka 1968, kati ya magari 93 yaliyoanza, saba tu yalifika mwisho, na la kwanza lilikuwa 404 pia. Hata marehemu Björn Waldegård, aliporudi Safari ya magari ya kale mwaka 2011 akikaribia miaka 70, akashinda kwa Porsche 911 pamoja na mwanawe Mathias, gari lake lilisimama juu kuliko Porsche yoyote ya mjini. Hawa ndio waliokuwa wakikimbia kwa kasi, na hakuna hata mmoja wao aliyelishusha gari lake. Sembuse sisi tunaokwenda Bulongo kununua chumvi?

Nasema kwa uchungu kwa kuwa yalinikuta. Garaji moja, ambayo sitaitaja, ilinikatia springi za 404 yangu nilipokuwa kijana mwenye majivuno, na kabla ya msimu mmoja kwisha bati la nyuma lilikuwa limepasuka kutoka kikalio hadi dirishani. Sikulipata tena gari jinsi lilivyokuwa.

Nimesikia kwamba mzee, baada ya kuusikia mgoto ule kwa masikio yake, anakusudia sasa kuvilehemu vile vipande virudi mahali pake. Namsihi, na nawasihi vijana wa karakana yake, wasithubutu: chuma cha springi kikishapata moto wa kulehemu huwa kigumu na chepesi kuvunjika palepale kwenye mshono, na kitavunjika akiwa mteremkoni. Resori kamili za 504 bado zinapatikana kwa wauzaji wa vipuri wa Butembo, nami niko tayari kumsindikiza. Vile vipande ampelekee mhunzi. Vitatoa patasi nne nzuri.